Wembe, Ndevu na Ngozi Yako

Ndugu msomaji, weka mkono wako shavuni, kisha uushushe mpaka chini ya taya na shingoni. Unasikia nini chini ya vidole vyako? Pengine ni laini. Pengine kuna mashina makali ya ndevu. Au pengine kuna vipele vidogo vigumu, vingine vyeusi, vingine vyenye usaha kichwani, navyo vinauma ukivigusa. Watu wengi wenye vipele hivi huona ni jambo dogo lisilostahili safari ya hospitali. Huvipaka mafuta, wakaendelea kupitisha wembe juu yake kila asubuhi. Wengine hudhani damu yao imeharibika, au kwamba kuna mtu amewaonea wivu akawatendea ubaya. Na wengine huwalaumu wake zao kwa sabuni waliyonunua sokoni!

Lakini sababu yake i wazi, tena mtu aweza kuiona kwa macho yake akiwa na kioo na mwanga wa kutosha. Katika somo hili tutatazama kazi ya wembe: ni nini inachobadili usoni mwako, na ni nini isichokibadili hata kidogo.

Je, wembe huongeza ndevu?

Hapa Bunia utasikia maneno mawili, nayo yote mawili yametoka katika kosa moja. Kijana mwenye ndevu chache hunyoa kila siku, ingawa hana kitu cha kunyoa, kwa sababu rafiki zake wamemwambia kwamba wembe huita ndevu. Na baba mwingine humkataza mwanawe asinyoe upesi, maana asema, ukianza tu, zitakuwa nene na ngumu kama waya, wala hazitarudi kuwa laini tena.

Fikiri kidogo. Unywele unaouona juu ya ngozi hauna uhai. Hauna damu ndani yake wala hausikii maumivu. Ndiyo sababu kinyozi aweza kukukata huku wewe unacheka na watu. Sehemu yenye uhai ni mzizi, nao umelala ndani ya kijishimo chake, milimita chache chini ya ngozi. Wembe haufiki huko. Mzizi haujui kama juu pamekatwa au hapakukatwa, nao huzidi kusukuma ndevu nje kadiri ya theluthi moja ya milimita kwa siku, yaani karibu sentimita moja kwa mwezi. Wingi wa ndevu umetoka kwa wazazi wako, na kwa homoni ya kiume ambayo huanza kazi yake wakati wa kubalehe, ikaendelea kujaza uso taratibu hata mtu afikapo miaka 30 au zaidi. Basi kijana wa miaka 17 anyoaye kila siku, akifika miaka 20 na kuona ndevu zimeongezeka, husema, “Tazama, wembe umefanya kazi!” Lakini ndugu yake asiyenyoa, ndevu zake zimeongezeka vilevile.

Jambo hili limepimwa zamani. Mwaka 1928 mama mmoja mtaalamu wa Marekani, jina lake Mildred Trotter, alichapisha habari za uchunguzi wake juu ya wanaume wanne walionyoa kwa taratibu aliyowapangia. Alikusanya ndevu zilizokatwa, akazipima kwa hadubini. Hakuona kwamba kunyoa kumezifanya ziwe nene zaidi, wala nyeusi zaidi, wala zenye kukua upesi zaidi.

Mbona basi mkono unasikia ukali siku ya pili? Umepata kupita kwa miguu mitupu mahali palipofyekwa majani marefu kwa panga? Jani lisilokatwa lina ncha nyembamba, ukipita, linainama. Likikatwa, shina linalobaki huchoma unyayo. Je, panga limeyanenepesha mashina? La. Unene huo ulikuwapo chini tangu mwanzo, nawe sasa umeukanyaga. Ndivyo zilivyo ndevu. Ndevu isiyokatwa bado huwa na ncha laini. Wembe ukipita, hubaki kisiki kifupi, kigumu, chenye kichwa kilichokatwa kwa mshazari. Kiache kikue wiki chache, nawe utaona ulaini umerudi.

Basi kijana, usijikwaruze bure. Nawe baba, usimwogopeshe mwanao kwa ajili ya ndevu. Mwogopeshe, ukitaka, kwa ajili ya ngozi.

Wembe wa kukunja

Wembe wa kale ni ule mrefu wenye makali upande mmoja, ambao hujikunja na kulala ndani ya mpini wake. Miji ya Sheffield huko Uingereza na Solingen huko Ujerumani ilipata sifa duniani kwa kuufua. Mwenye wembe huo huunoa kwa jiwe mara chache, na kuusugua kwenye mkanda wa ngozi kila mara kabla ya kunyoa. Ukitunzwa vema, hudumu miaka mingi, hata mtoto akaurithi kwa babaye. Mwaka 1904 serikali ya Marekani ilimpa King C. Gillette hati ya uvumbuzi wa kishikio chenye wembe mwembamba wa bei ndogo, ambao ukiisha makali hutupwa. Tangu hapo wanaume wengi wakaacha kunoa.

Siku hizi vinyozi wengi wana mpini wa kukunja unaopokea wembe mwembamba uliovunjwa nusu. Kwa mbali waweza kusema ni wembe wa kale. Lakini uutazame vizuri, maana tofauti ni kubwa kwa afya yako: katika huu, kipande chenye makali hutolewa na kuwekwa kipya kwa kila mtu. Tutarudi kwenye jambo hili mbele, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kwanza tuuseme wema wa wembe wa makali mamoja, maana watu huulaumu kupita haki. Vile vishikio vya plastiki vyenye nyembe mbili, tatu, hata tano, vimetengenezwa ili wembe wa kwanza uvute unywele juu kidogo, na wa pili uukate kabla haujarudi. Unywele uliokatwa hivyo hujirudisha chini ya uso wa ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyoka, hiyo ni furaha: uso hubaki laini mpaka jioni. Kwa mtu mwenye ndevu za kujipinda ni mtego, kama tutakavyoona. Wembe wa makali mamoja, ukiwa mkali na ukishikwa vizuri, hukata usawa wa ngozi wala hauvuti. Kwa hiyo si wembe wa kukunja ulio adui. Adui ni ile tamaa ya kunyoa mpaka kidole kisisikie kitu.

Tena wembe wowote, hata ulio bora, haukati ndevu peke yake. Huondoa pia ganda jembamba la juu la ngozi. Ndiyo sababu uso hung'aa baada ya kunyoa, na watu wakaupenda mng'ao huo. Lakini ganda hilo liliwekwa lizuie uchafu usiingie na maji yasitoke. Mtu akinyoa kwa sabuni ya kufulia, au bila sabuni kabisa, au akirudia mahali pamoja mara nne, ngozi hubaki wazi yenye mikato midogo isiyoonekana. Akitia limau au manukato juu yake, huwaka kama moto. Wengine husema, “Kuwaka huko ni dawa inafanya kazi.” Sivyo. Kuwaka huko ni ngozi inalia.

Kwa nini vipele?

Chukua unywele mmoja wa ndevu zako, uulaze juu ya karatasi nyeupe. Kwa wengi wetu Waafrika haunyoki. Umejipinda kama chemchemi ya saa. Tena hata kile kijishimo unamokaa ndani ya ngozi kimepinda. Ndevu hiyo ikiwa ndefu, hujizungusha hewani na haimsumbui mtu. Lakini ikikatwa karibu sana na ngozi, kichwa chake huwa kikali kama mwiba, nayo ikianza kukua hufuata desturi yake ya kupinda. Hutoka, hugeuka kama ndoana, huingia tena katika ngozi milimita moja au mbili kando ya mahali ilipotokea. Na ile iliyokatwa chini ya uso wa ngozi haingoji hata kutoka. Hutoboa ukuta wa kijishimo chake ikiwa bado ndani.

Mwili hautambui kwamba mgeni huyu ni ndevu yake wenyewe. Huipiga vita kama upigavyo vita mwiba ulioingia mguuni. Mahali pale huvimba, hufanya uvimbe mdogo mgumu, pengine hutoa usaha, kisha huacha alama nyeusi. Sasa angalia ubaya unavyozaa ubaya: mtu huona vipele, husema uso wangu ni mchafu, hunyoa kwa bidii zaidi ili uwe safi, wembe hukata vichwa vya vipele, damu hutoka, na ndevu nyingine mia huchongwa kuwa miiba ya kesho.

Kwa hiyo si uchafu, wala si damu mbaya, wala si uchawi. Ni umbo la unywele likikutana na wembe uliokata karibu mno. Waliochunguza wanaume weusi wa Marekani wanaonyoa waliona kwamba karibu nusu yao, au hata zaidi, hupata vipele hivi. Na huko jambo hili lilileta shida katika jeshi, kwa maana askari aliamriwa kuwa na uso ulionyolewa kila siku. Askari weupe walitii bila taabu; askari weusi wengi walitii na nyuso zikajaa vidonda. Katika miaka ya 1970 na baadaye madaktari wa jeshi waliwapa wengi wao cheti cha kuacha ndevu fupi, zisizozidi robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Walijua kwamba hakuna dawa ya kupaka ishindayo dawa hiyo ya kuacha wembe.

Tunalisema hili kwa sababu hata kwetu wako vijana waliobanwa hivyo. Mlinzi wa duka huambiwa na mkuu wake, “Uje umenyoa.” Mwalimu mchanga huambiwa kwamba ndevu ni uvivu. Hata kanisani pengine mzee humtazama kwa jicho baya mwimbaji mwenye ndevu za siku tano. Wazee wetu wapendwa, Yusufu alinyoa kabla ya kuingia kwa Farao (Mwanzo 41:14), lakini Daudi aliwaambia watumishi wake wakae Yeriko mpaka ndevu zao zikue (2 Samweli 10:5). Ndevu fupi zilizooshwa na kuchanwa si uchafu. Usimlazimishe mtu kuchagua kati ya heshima yako na ngozi yake. Na kama mkuu wa kazi hasikii, njoo uombe cheti kwa munganga. Ni haki ya mgonjwa.

Jinsi ya kupona

Mtu mwenye vipele vingi aache kunyoa kabisa kwa muda wa wiki nne mpaka sita. Mwenye vingi sana huhitaji muda mrefu zaidi. Tunajua kwamba neno hili ni gumu. Wiki ya kwanza na ya pili vipele huongezeka, kwa maana zile ndevu zilizokwisha kunolewa lazima zitoke, na wengi hukata tamaa hapo, wakarudi kwenye wembe. Vumilia. Ndevu ifikapo urefu wa sentimita moja hivi, hujivuta yenyewe kutoka katika ngozi, kama kijiti kilichopindwa kikiachiliwa, na uvimbe hushuka.

Asubuhi na jioni lowesha kitambaa safi katika maji ya moto ya kiasi, yasiyounguza, ukiweke juu ya mahali pagonjwa dakika tano au kumi. Ukiona kitanzi cha unywele, pande zote mbili zimeingia katika ngozi, kiinue polepole kwa ncha ya sindano iliyochemshwa. Kiinue tu, usikivute. Ukiung'oa unywele, mwingine utazaliwa ndani na kutoboa ngozi kabla haujafika nje. Wala usikamue vipele kwa kucha.

Tena tuseme wazi juu ya pomada za kung'arisha uso zinazouzwa sokoni. Mtu akiona alama nyeusi huenda kuzinunua. Nyingi zina dawa kali ndani yake: nyingine zina haidrokinoni, nyingine zina zebaki, nyingine zina dawa ya jamii ya kotizoni. Siku za kwanza uvimbe hushuka, naye aliyenunua hufurahi na kuwaambia jirani zake. Baadaye ngozi huwa nyembamba, chunusi huzaliwa, na mahali palipokuwa na alama hupata rangi mbaya kuliko mwanzo. Alama nyeusi za vipele huondoka zenyewe kwa miezi kadhaa, mradi vipele vipya visizaliwe.

Vipele vikiisha, chagua njia ya kudumu nayo. Iliyo bora ni mashine ya kinyozi, ikiacha ndevu za milimita moja au zaidi. Uso hautakuwa kama yai, lakini utakuwa mzima. Kama unataka wembe hata hivyo, basi unyoe hivi. Osha uso kwa maji ya moto kidogo. Kikombe kimoja chatosha, tunajua maji ni shida katika mitaa mingi na zaidi katika kambi za wakimbizi wa vita. Paka sabuni laini, acha povu likae dakika mbili au tatu, maana ndevu zilizolowa hukatika kwa urahisi. Chunguza ndevu zako zinaelekea wapi: shavuni huelekea chini, lakini shingoni huzunguka, kila mtu kwa namna yake. Fuata zinakoelekea, usizipinge. Shika wembe ukiwa umelala kidogo juu ya ngozi, usiusimamishe kama unayechimba. Usivute ngozi kwa nguvu kwa mkono wa pili. Vinyozi hupenda kufanya hivyo, nao huona wamefanya kazi nzuri. Lakini ngozi iliyovutwa ikiachiliwa, ndevu zilizokatwa huzama ndani. Pita mara moja, basi. Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa, paka vaselini kidogo. Kunyoa siku moja na kupumzika siku mbili hupendeza ngozi kuliko kunyoa kila siku.

Liko jambo la kisogo pia. Kinyozi amalizapo kichwa huchora mstari kwa wembe nyuma ya shingo, chini kabisa. Hapo wengine hupata vipele ambavyo havifi. Hushikana, huwa vigumu, hatimaye hufanya nundu ya kovu isiyoota nywele. Kuna watu ambao kovu lao hukua kupita kidonda chenyewe, likawa nene na lenye kuwasha. Wewe ukiwa na kovu la namna hiyo mahali pengine mwilini, kwenye sikio lililotobolewa au palipochanjwa, ujue ngozi yako ni ya namna hiyo, umwambie kinyozi asiguse kisogo chako kwa wembe kabisa. Na kama kipele kimeanza, njoo kikiwa kidogo kama punje ya mtama, maana hapo chaweza kutibiwa kwa dawa au kwa sindano. Kovu likiwa kubwa, hata likikatwa kwa operesheni, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko lile la kwanza.

Damu ya mtu mwingine

Sasa tumefika kwenye jambo zito. Vipele huharibu uso. Wembe wa watu wawili waweza kuharibu uhai.

Tulisema kwamba kila anyoaye hupata mikato, hata asipoona damu. Damu kidogo sana, isiyoonekana kwa macho, hubaki kwenye makali. Ndani yake mwaweza kuwa na virusi vya Sida. Hatutaki kukutisha kupita kweli: Sida huenezwa hasa kwa zinaa, na kwa njia ya wembe ni mara chache. Lakini liko lingine ambalo watu hawaliogopi kwa sababu hawalijui, nalo ni hepatiti B, ugonjwa wa ini. Virusi vyake hupita kwa urahisi kuliko vya Sida, navyo vyaweza kubaki na nguvu siku 7 au zaidi nje ya mwili, juu ya kitu kikavu. Wembe uliotumiwa Jumatatu, ukafutwa kwa kitambaa, ukapendeza macho, waweza kumpa mtu ugonjwa Jumamosi. Mwenye ugonjwa huu pengine hasikii lolote kwa miaka ishirini, kisha tumbo hujaa maji, ini likawa gumu au likapata kansa. Hepatiti C nayo hupita kwa damu vivyo hivyo. Chanjo ya hepatiti B ipo. Vinyozi na aila zenye mgonjwa wa hepatiti B waiulizie.

Nasi wa Ituri tumefundishwa na Ebola. Ugonjwa ule uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini ulivuka mpaka ukafika kwetu, wala haukutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Siku zile sote tulijifunza kutogusa damu na jasho la mgonjwa. Kumnyoa mgonjwa mwenye homa asiyejulikana ugonjwa wake, au kunyoa maiti, au kutumia wembe wa marehemu kwa kunyoa vichwa vya waombolezaji, ni kuyasahau mafundisho hayo. Katika matanga, kama desturi ya ukoo ni kunyoa, kila kichwa kipate wembe wake mpya. Vilevile mponyaji wa kienyeji akiwachanja watoto watano kwa wembe mmoja, ni kosa, hata kama dawa anayotia yasifiwa na wote. Na mtu mwenye malengelenge usoni asinyoe kabisa. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpox ulisumbua sana nchi yetu, na wembe huweza kutawanya malengelenge kutoka shavu moja mpaka jingine.

Mama, hata kichwa cha mtoto ni hivyo. Wembe mmoja ukizunguka nyumba nzima siku ya kunyoa watoto, hupeleka mapunye kutoka kwa mmoja mpaka kwa wote.

Vinyozi wengine hupitisha wembe kwenye moto wa kiberiti, au huufuta kwa pamba yenye alikoli, wakasema umekufa kila kitu. Kufuta mara moja hakutoshi. Wembe wa kale wa kukunja usio na kipande cha kubadilisha lazima uoshwe kwa sabuni na maji, kisha uchemshwe dakika 20. Na ni kinyozi gani atachemsha dakika 20 huku watu watatu wanangoja kwenye benchi? Kwa hiyo wembe wa namna hiyo ufaa nyumbani, kwa mwenyewe peke yake. Jiwe la shabu nalo husimamisha damu, lakini haliui virusi. Likipita kutoka uso mpaka uso hubeba damu ya wote. Hata meno ya mashine huweza kuchuna ngozi, basi nayo yasafishwe kila mara.

Ukienda kwa kinyozi, iwe Mudzipela au Nyakasanza au sokoni, usione haya. Mwambie kwa upole, “Ndugu yangu, nakuomba ufungue wembe mpya nikiona.” Kinyozi mwema hatakasirika, maana nayo mikono yake hukatwa. Au nunua wembe wako mwenyewe njiani, uuchukue ungali ndani ya karatasi yake. Bei yake ni ndogo. Nyumbani vilevile, baba na mwana wasishiriki wembe mmoja, wala mume na mke, wala marafiki wanaolala chumba kimoja shuleni. Wembe uliokwisha usitupwe uani ambako watoto hucheza miguu mitupu. Toboa mkebe wa maziwa tundu jembamba, utie humo nyembe za zamani, na ukijaa uuzibe na kuutupa katika choo cha shimo.

Ukiona uvimbe mkubwa wenye moto chini ya taya, au homa baada ya kujikata, au mdomo unakaza na shingo kuwa ngumu, usingoje kesho. Njoo hospitali siku ile ile. Lakini ukija kwa ajili ya vipele tu, acha kunyoa siku nne kabla ya kuja, wala usipake kitu chochote usoni asubuhi hiyo, ili munganga aweze kuona ndevu zako zinaingilia wapi.